Pentekoste, Miwani Inayotafsiri na Mkalimani Wetu

Somo: Matendo ya Mitume 2:1-14, 1 Wakorintho 14:6-28

 

Tangu Jumapili ya Pentekoste, tarehe 8 mwezi huu wa Juni, simu yangu haijapumzika. Wengine mmenitumia video, wengine maswali, na ndugu yetu mmoja aliye ng'ambo ametuma vyote viwili pamoja na ahadi ya mchango. Jambo ni lile lile: miwani na simu zinazotafsiri lugha papo hapo. Pendekezo limeshafika kwa kamati ya kanisa. Kwamba tununue skrini na simu, maneno ya mhubiri yaandikwe kwa Dholuo yakiwa bado moto, na ile miwani ikianza kuuzwa tuwe wa kwanza kuagiza. Mhubiri atahubiri bila kukatizwa, ibada itapungua karibu nusu, na mkalimani atakaa chini na watu wengine. Kamati itaketi mwisho wa mwezi. Mimi ninasema mapema, mbele yenu wote, kwamba sikubali mkalimani aondolewe. Naomba msome hadi mwisho kabla ya kuandika "Amina" au kunipinga.

Kwa wale ambao bando haikuruhusu video, acha nieleze kilichoonyeshwa. Tarehe 20 Mei mwaka huu wa 2025, kampuni ya Google ilifungua kongamano lake la kila mwaka la waundaji wa programu, huko Mountain View, California. Kongamano hilo huitwa I/O. Hapo ndipo huonyesha vitu vipya, vingine vimeiva na vingine bado viko jikoni. Mwaka huu walileta miwani. Kwa kuitazama ni miwani tu ya kawaida, lakini ndani ina kamera, maikrofoni, spika ndogo, na sehemu ya kioo inayokuandikia maneno mbele ya jicho lako. Watu wawili walisimama jukwaani, mmoja akaongea Kihindi na mwingine Kiajemi, na Kiingereza kikaanza kutokea kwenye kioo. Kilitokea kwa muda mfupi, kisha mashine ikakwama mbele ya umati wote. Sisi tunaohubiri na jenereta hatuwezi kumcheka mtu kwa hilo.

Halafu Jumatatu tarehe 9 Juni, kesho yake ya Pentekoste, Apple nao wakafungua kongamano lao na kuonyesha simu itakayotafsiri mazungumzo ya watu wawili wakiongea. Kwa mazungumzo ya simu walianza na Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kireno na Kihispania. Kwa hiyo mwaka huu sikukuu yetu ya ndimi ilikaa katikati ya makongamano mawili ya ndimi. Sishangai kwamba mmeuliza.

Kwanza niwaondolee hofu moja. Kuna waliouliza kama hii ndiyo alama ya mnyama ya Ufunuo 13. Wapendwa, mwaka 2019 mambo yalikuwa hivi hivi kuhusu Huduma Namba, na kabla yake kuhusu zile mistari za bei kwenye sabuni na unga. Yohana anataja mkono wa kuume na kipaji cha uso. Miwani inakaa puani. Tusome Biblia kwa utulivu, tusiwe watu wa kushtuka kila kampuni inapotoa kitu.

Pia tusiwe watu wa kukimbilia. Mwezi Juni 2012, kwenye kongamano hilo hilo la I/O, Google waliwarusha watu kutoka angani kwa miavuli wakiwa wamevaa miwani iliyoitwa Glass, na ulimwengu ukapiga makofi. Waliruhusu waundaji wa programu kuiagiza kwa dola 1,500. Januari 2015 waliacha kuwauzia watu wa kawaida, na mwaka 2023 wakaacha kuiuza kabisa hata kwa makampuni. Na hii ya mwaka huu, siku ilipoonyeshwa, haikuwa dukani hata moja. Kitu cha jukwaani hakijawa kitu cha kufanyia harambee.

Sasa tuingie kwenye Neno, maana hapo ndipo swali lenyewe lilipo.

Watu wengi wanaiona Matendo 2 kama muujiza wa kutafsiri, basi wanaposikia mashine inatafsiri wanasema, tazama, Pentekoste imewekwa kwenye miwani. Soma orodha ya Luka polepole. Anaanza na Waparthi, Wamedi na Waelami, watu wa pande za nchi tunayoiita leo Iran. Na lugha mojawapo iliyosemwa kwenye jukwaa la California ilikuwa Kiajemi, lugha ya Iran! Nilipoliona hilo nilitabasamu. Lakini endelea kusoma. Umati umesikia, kila mtu kwa lugha aliyozaliwa nayo, kila neno limefika. Halafu nini? Wanaulizana maana yake ni nini. Wengine wanasema hawa wamelewa. Maneno yamefika yote, na bado hawajaelewa! Ndipo Petro anasimama pamoja na wale kumi na mmoja na kuanza kueleza. Kuna mtu pale mbele, ana sura, ana jina, kila mtu anaweza kumuuliza swali, na mwisho wa siku wanamuuliza kweli: tufanye nini? Angalia mstari wa 37.

Mashine inaweza kutupeleka hadi mstari wa 11. Sipingi. Kuanzia mstari wa 12 inahitajika nafsi.

Niwape mfano wa nyumbani. Mwezi Juni 2024 Google waliongeza lugha 110 kwenye programu yao ya kutafsiri, na Dholuo ilikuwemo. Nilifurahi, na bado ninafurahi. Mtoto wa mjini Nairobi anaweza sasa kujaribu kumwandikia nyanya yake wa Ndhiwa. Lakini chukua neno moja tu, chuny. Kwa Dholuo chuny ni ini, lile ini la mwilini. Pia ni moyo unaohuzunika, na ni nafsi iliyo mbele za Mungu. Mama anapokuja mbele kuombewa na kusema chuny yake inaumwa, je, tumpeleke hospitali ya Homa Bay akapimwe ini, au tuketi naye kwa sababu mwanawe hajapiga simu tangu Krismasi? Mkalimani wetu anatazama mkono wa mama uko wapi. Anatazama macho. Anamjua, pengine alimzika mume wake pamoja nasi. Halafu ndipo anafungua mdomo. Programu imepewa herufi tano, nayo itachagua maana ile inayotokea mara nyingi zaidi kwenye maandishi iliyoyasoma. Inaweza kupata. Inaweza kukosa, na ikikosa haitajua kwamba imekosa, wala hutaiona ikisita.

Mkalimani wetu husita. Mnamjua. Mara ngapi amenigeukia katikati ya mahubiri akaniuliza, "Mchungaji, unamaanisha nini hapo?" na kanisa likacheka? Wageni huona kama ni fujo. Mimi huona ni ulinzi. Ninapolazimika kusema jambo mara ya pili kwa njia nyingine ili yeye aweze kulibeba, ninagundua kama nilikuwa na jambo la kusema au nilikuwa napiga kelele tu. Mahubiri mengi yangekuwa mafupi sana kama kila mhubiri angeulizwa swali hilo. Na mashine haimuulizi mhubiri chochote. Itabeba upuuzi wangu kwa uaminifu ule ule inaobebea injili.

Kuna kijana mmoja aliniuliza swali ambalo nimelifikiria wiki nzima. Alisema, "Pasta, mtu akinena kwa lugha, ile programu itaandika nini?" Swali zuri sana. Paulo katika 1 Wakorintho 14 anasema kama hakuna mwenye kufasiri, mnenaji anyamaze katika kanisa, aseme na nafsi yake na Mungu. Yaani Paulo ameacha nafasi ya kunyamaza. Kufasiri ndimi ni karama ya Roho, na karama inaweza isije, na isipokuja tunanyamaza. Sasa programu hizi zina udhaifu wa aina yake: kunyamaza ni kazi ngumu kwao. Mwaka 2024 watafiti nchini Marekani waliripoti kwamba Whisper, programu ya kampuni ya OpenAI inayogeuza sauti kuwa maandishi, wakati mwingine iliandika sentensi ambazo hakuna mtu alizisema, hasa palipokuwa na ukimya mrefu katikati ya maongezi. Hebu fikiria mkesha wetu wa Ijumaa. Kuna kulia, kuna kunena, kuna dakika nzima za kimya mbele za Bwana. Na juu ya ukuta, skrini inaandika. Mshirika mchanga katika imani anasoma sentensi kamili, kwa Dholuo safi, herufi kubwa. Nani atamwambia kwamba hiyo si sauti ya Mungu? Tumeona unabii wa uongo wa kutosha unaotoka vinywani mwa watu. Mimi sitafungulia mlango wa unabii usio na nabii wa kuulizwa.

Jambo la siri nalo nitalitaja, ingawa vijana hawalipendi. Mwanzo 42:23 inasimulia ndugu zake Yusufu walivyoongea dhambi yao mbele yake bila hofu, wakidhani hasikii lugha yao kwa kuwa kulikuwa na mkalimani kati yao. Kumbe anasikia yote. Maikrofoni iliyo usoni mwa mtu inamsikia pia jirani yake, na mara nyingi sauti inasafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni ili ikatafsiriwe huko. Katika ofisi yangu watu wameungama mambo ambayo wake zao hawayajui. Wengine wametaja hali yao ya afya. Yusufu aliposikia aligeuka kando akalia. Hizo kompyuta hazina kando pa kugeukia.

Na msiniambie kwamba Wakenya tuko makini na mambo haya. Mwaka 2023 watu walipanga foleni ndefu pale KICC Nairobi ili kifaa cha mviringo cha Worldcoin kipige picha mboni za macho yao, kwa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti mwaka huo. Mei mwaka huu ndipo Mahakama Kuu iliagiza data hiyo ifutwe. Karibu miaka miwili, wapendwa, macho ya watu yakiwa mikononi mwa wengine. Simlaumu aliyepanga foleni, shilingi 7,000 ni karo. Ninachosema ni kwamba ndani ya chumba cha ushauri wa kanisa hili simu itazimwa, awe ni mshirika au ni mchungaji.

Lakini hayo yote si sababu yangu kubwa. Sababu yangu kubwa ni hii. Wahubiri wengi wa pande zetu, kutoka Rongo hadi Muhuru Bay, kutoka Oyugis hadi Mbita, hawakuanzia chuo cha Biblia. Walianzia hatua mbili upande wa kushoto wa mhubiri mwingine, wakiwa na kipaza sauti cha pili. Mtu anayebeba mahubiri kutoka lugha moja hadi nyingine kila Jumapili kwa miaka mitatu anayapitisha ndani yake. Anajifunza mahali pa kupandisha sauti na mahali pa kushusha. Anajifunza maandiko kwa lugha mbili. Siku mhubiri akiugua, yupo. Mama yetu anayetafsiri leo hakumaliza shule ya msingi, na ninyi mliomsikia akifundisha kina mama Jumatano mnajua alichonacho. Hakukipata kwa cheti. Tukiweka skrini mahali pale aliposimama, yule msichana wa miaka kumi na tisa anayemtazama kila Jumapili, akisogeza midomo kimyakimya, atasimama wapi?

Ndugu yetu wa ng'ambo amesema kwa upendo kwamba tunapoteza muda, saa mbili zinaweza kuwa moja. Ni kweli. Ila wazee wetu kutoka Karungu hawajawahi kulalamika juu ya muda. Wanaolalamika ni sisi tunaoelewa lugha zote mbili na kusikia kila kitu mara mbili. Tuvumilie. Nusu yetu huwa hatushiki mara ya kwanza.

Tena hiyo skrini ya Dholuo, ni nani ataisoma? Kina mama wa safu za mbele, ambao ndio tunadai tunawasaidia, wengi wao hata Biblia wanaifunika kwa sababu herufi zimekuwa ndogo kuliko macho yao. Hawana miwani ya kusomea. Ile ya kawaida kabisa, ambayo haitafsiri lolote! Kabla ya kuwawazia miwani ya California, tuwanunulie hiyo.

Msinielewe vibaya kwamba nakataa kila kitu. Kuna washirika wetu wawili wasiosikia vizuri, mmoja hasikii kabisa, na wote wanasoma Kiswahili. Tangu 2019 ipo programu ya Google iitwayo Live Transcribe inayoandika kwenye simu maneno yanayosemwa. Hao tuwawekee skrini, kando ya mbele, na mtu aketi hapo kurekebisha inapokosea. Miaka yote hiyo wamekaa nasi wakitazama midomo yetu. Hilo tungekuwa tumelifanya zamani. Na ukiwa hospitalini, daktari haelewi Kikuria chako wala Dholuo yako, na hakuna mtu wa kukusaidia, tumia chochote kilicho kwenye simu, Mungu atakuelewa. Mfanyabiashara wa Isebania, tafsiri bei zako upendavyo. Nazungumzia mimbari.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili linaniuma kuliko mengine. Katika zile lugha 110 za mwaka jana, Kisuba hakikuwemo. Kikuria hakikuwemo. Mashine hujifunza lugha kutoka kwa maandishi na sauti ambazo watu wameziacha. Dholuo iliingia kwa sababu kuna watu waliandika. Hapa kwetu kando ya ziwa, wamisionari wa Kiadventista, Arthur Carscallen kutoka Kanada na Peter Nyambo kutoka nchi inayoitwa leo Malawi, walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na Carscallen akaanza kuandika sarufi ya Dholuo na baadaye akaleta mashine ya kuchapisha. Si kanisa letu, nami namshukuru Mungu kwa ajili yao. Waluo wenyewe wakaendelea, wakaandika, wakatafsiri, wakaimba. Kwa lugha nyingi ndogo za dunia, Biblia ndiyo maandishi marefu kuliko yote yaliyopo.

Kwa Abasuba mambo yalikwenda tofauti. Wajukuu wengi wa Rusinga, Mfangano na Gwassi wanaongea Dholuo, na Kisuba kimebaki kwa wazee. Agano Jipya la Kisuba lipo tayari. Ni wangapi katika tawi letu la Mbita wanalo nyumbani? Mwezi jana nilihubiri huko, nikatafsiriwa kwa Dholuo, na baadaye mzee mmoja akaniombea kwa Kisuba kwa sauti ya chini kana kwamba anaiba. Roho aliyewapa Waelami lugha yao siku ile hakuwauliza wako wangapi.

Kwa hiyo nitakachopeleka mbele ya kamati ni hiki. Ahadi ya ndugu yetu tuipokee kwa shukrani, na tumwombe akubali igawanywe hivi: miwani ya kusomea kwa wazee wa Migori na Mbita, skrini kwa wasiosikia, na nauli ya wakalimani watatu vijana watakaofunzwa na mama yetu kila Jumamosi alasiri kuanzia Julai. Mmoja wa Dholuo, mmoja wa Kikuria, mmoja wa Kisuba. Huyo wa Kisuba bado hatuna. Kama una kijana, au wewe mwenyewe unakisikia lakini unaona aibu kukiongea, niandikie kwa ujumbe wa faragha.

Na ninyi mlio na nyanya au babu Rusinga, Mfangano, Gwassi na Kaksingri: wiki hii mkae naye, mumwombe asome Luka 15 kutoka Agano Jipya la Kisuba, au asimulie hadithi ya mwana mpotevu kwa maneno yake kama hasomi. Mrekodi kwa simu, kwa ruhusa yake. Tuma kwangu, andika jina la kijiji chake tu. Tutazisikiliza pamoja ibada ya pili, Jumapili ya kwanza ya Julai, na mama mkalimani atatusaidia sisi wengine kwa Dholuo.